Subaru moja, kazi mbili, na fundi aliyeniambia nilikanyaga klachi

Nikiri mapema kwamba ninaandika nikiwa bado na hasira. Leo asubuhi nilikuwa nimeandika sentensi moja tu, kwamba mtu anayeishi Mbeya asinunue gari la mbio kwa matumizi ya kila siku. Sasa ni jioni, nimekwishakunywa chai, na bado sijui kama niliiandika kwa sababu ni ya kweli au kwa sababu nilitaka kumkomesha mtu fulani.

Gari ni Subaru Impreza WRX yenye gia za mkono, nami ninalo kwa miaka kadhaa sasa. Habari za nguvu ya injini na mengineyo ya kwenye makaratasi sitaziandika, kwani yeyote anayezitaka atazipata mahali popote. Nitaeleza jinsi gari hili linavyoishi nami. Siku za kazi linatoka Uyole kwenda Mwanjelwa, ambako nauza mchele, likimpitisha mwanangu shuleni. Matuta nayavuka kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, huku bajaji zikinipigia honi. Asubuhi za Juni na Julai naacha injini ipate joto kwanza ndipo niikanyage, na jioni, kama nimetoka mbali au nimepanda mlima kwa nguvu, naiacha ingurume kama dakika moja kabla ya kuizima, ili oili ipoze tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Majirani hudhani nasubiri kufunguliwa geti. Petroli linakunywa, sikatai. Zaidi ya hapo halijawahi kunisumbua, na gunia la mchele linaingia kwenye buti ukijua namna ya kulilaza.

Siku za mbio ni chache. Nyanda za Juu Kusini hatuna uwanja wa lami wa mbio za magari, kwa hiyo sisi wachache wenye ugonjwa huu hukodi barabara za ndani za shamba moja nje ya Iringa, za moramu, na kila mmoja hukimbia peke yake huku wenzake wakimpimia muda. Kutoka Mbeya naliendesha lilelile, kupitia Makambako na Mafinga, nikienda hamsini kwa adabu kila kijiji kwa sababu ya tochi za trafiki. Nikifika natoa kiti cha mtoto, jeki, tairi la akiba na penseli za rangi zilizojificha chini ya viti, navaa kofia ngumu, na gari la shule linakuwa gari la mbio. Furaha ya asubuhi hiyo sijui niilinganishe na nini.

Safari hii, wiki moja hivi kabla ya kwenda, nililipeleka gereji niliyoizoea ili wabadilishe oili ya breki. Kopo la DOT 4, daraja mojawapo la oili hiyo, nililinunua mwenyewe, jipya, lenye muhuri wake, nikamkabidhi fundi mkononi. Nakumbuka kwamba juu ya meza yake kulikuwa na kopo jingine la oili ya breki, limezibwa kwa gunzi la mahindi, na sikulitilia maanani. Ukutani amebandika picha ya Impreza ya bluu ya Colin McRae, bingwa wa dunia wa mwaka 1995. Nilidhani mtu mwenye picha ile ukutani anajua anachokifanya.

Kule shambani, mzunguko wa kwanza na wa pili ulikwenda vizuri. Katika wa tatu nilihisi pedali imekuwa laini kidogo, nikadhani ni mguu wangu. Mzunguko wa nne, kwenye mteremko unaoishia kwa kona kali karibu na alizeti, nilikanyaga breki na pedali ikazama hadi sakafuni pasipo kukutana na kitu chochote, kama mguu unaotumbukia kwenye tope. Nilikanyaga tena, na tena. Nikashusha gia hadi ya pili, injini ikalia, nikavuta breki ya mkono, gari likageuka kinyumenyume likaingia kwenye alizeti na kusimama. Hapakuwa na mti wala mtu. Nilibaki nimeushika usukani, vichwa vya alizeti vimelala juu ya boneti, na harufu ya pedi zilizoungua imejaa ndani.

Baada ya nusu saa pedali ilikuwa ngumu kama kawaida, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Nilirudi Mbeya taratibu kuliko malori, nikafika gereji kesho yake, nikaeleza. Fundi aliingia kwenye gari, akakanyaga mara mbili, akatoka akifuta mikono yake kwa tambara. Akasema, mbele ya vijana wake na wateja wawili, "Dada, breki hizi nzima kabisa. Wewe ulikanyaga klachi." Vijana walicheka. Nikamwambia kwamba naendesha gari la gia za mkono tangu kabla kijana wake mmoja hajazaliwa. Akanijibu, kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, "Basi mwambie shemeji aje, tutaongea naye vizuri."

Shemeji. Mume wangu hajui kufungua hata boneti ya gari hili, na hilo analisema mwenyewe bila aibu. Nililipa kodi ya gari, bima, tairi, na kopo lile la DOT 4, kisha naambiwa nimlete mtu ambaye kazi yake siku za mbio ni kushika chupa ya maji.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Uyole ambaye maisha yake yote amefunga breki za malori yanayokwenda Tunduma. Nilimwamkia, nikamweleza yote, naye hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ilirudi yenyewe ilipopoa?" Nilipojibu ndiyo, alichukua spana, mpira mwembamba unaopitisha nuru na chupa tupu ya maji, akalala chini kwenye gurudumu la mbele. Mimi nilikaa ndani. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Aliposhika chupa juu ili niione, oili iliyotoka kwenye niple, kile kitundu cha kutolea oili na hewa kwenye breki, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala usiku kucha. Oili mpya huwa ya manjano hafifu, karibu na maji. Ile haikuwa imebadilishwa wiki moja iliyopita, au kama ilibadilishwa, iliwekwa oili iliyokwisha kuchoka tangu kwenye kopo.

Maelezo yake yaliniingia kwa sababu yanafanana na mambo ya jikoni. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Kopo likikaa wazi, oili inaendelea kunyonya tu. DOT 4 ikiwa kavu haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishafikisha maji asilimia 3.7 kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 155, na DOT 3 yenye maji kiasi hicho inaruhusiwa kuchemkia nyuzi 140. Breki zinazofanya kazi mfululizo kwenye mteremko hupita hapo bila jasho. Oili ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama. Ikipoa, mvuke unageuka tena kuwa maji, na fundi anakukuta na pedali ngumu na kukuita mwongo. Isitoshe, kila mpishi wa Mbeya anajua maharage huku yanachelewa kuiva, kwa kuwa maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mwinuko huohuo hauihurumii oili yenye maji. "Kwenye lori," mzee alisema akiwa bado chini, akimaanisha breki za malori zinazosukumwa na upepo, "upepo ndio mfanyakazi. Kwenye gari lako upepo ni mwizi."

Jambo ambalo halinipi usingizi si alizeti. Siku mbili kabla ya kwenda Iringa nilikuwa nimetoka Chunya, mama yangu mbele na mwanangu nyuma, tukashuka barabara ile inayopita juu ya mita 2,400 na kuporomoka kuelekea mjini, kona baada ya kona, na nilikuwa nikiongea na mama habari za harusi. Oili ni ileile. Labda nilikuwa natumia gia zaidi ya breki kwa mazoea, labda kulikuwa na baridi, sijui. Shambani nilikuwa na kofia ngumu na watu waliokuwa tayari kwa ajali. Kule Chunya nilikuwa na kikapu cha karanga.

Kwa hiyo nikasema yamekwisha: gari moja haliwezi kufanya kazi mbili, liuzwe, ninunue kigari cha kawaida cha kwenda sokoni. Nilikaa na uamuzi huo siku tatu. Kisha nikajiuliza gari lilikosea nini. Lilifanya kila nililoliagiza hadi pale oili iliposhindwa, na hata liliposhindwa lilinikabidhi kwenye alizeti bila mkwaruzo. Ukweli ni kwamba gari la kazi mbili lina seti moja tu ya breki, nayo inabidi ihudumiwe kwa kipimo cha ile kazi kali zaidi. Ninakubali kwamba nilipaswa kusimama juu ya kichwa cha fundi na kuona muhuri ukikatwa. Sikusimama, kwa sababu nilikuwa na mteja wa magunia kumi.

Kuhusu gereji, nataka kuwa mwadilifu. Mwaka jana walininyooshea bampa na kulipiga rangi hadi huwezi kujua liligongwa wapi, na bei haikuwa mbaya. Mwenye kazi ya bodi na rangi naweza kumwelekeza kwao. Hapana, nafuta. Siwezi kumwelekeza mtu yeyote mahali ambapo akirudi na malalamiko ya breki ataambiwa alete mume.

Juzi nilirudi kudai kopo langu. Mume wangu alijitolea kunisindikiza, nikamwambia abaki nyumbani. Fundi hakubisha, alimtuma kijana ndani, akaja nalo, chapa ileile niliyoinunua na bei ya duka bado imebandikwa. Lilikuwa nusu, na mdomoni limezibwa kwa gunzi. "Lako hili hapa, dada," alisema, "wala halijaisha."

Nimeliweka dukani, juu ya rafu ya mizani, na gunzi lake. Breki sasa zina oili mpya iliyowekwa na mzee nikiangalia, na mwanangu nampeleka shule kama zamani. Siku ya mbio inayofuata ni mwezi ujao, nami nimekwishalipia.