Hedi ya Yamaha 15 iliyokwaruzwa: nimetengenezewa na fundi mmoja pale Kibuye, nyota nne

Wasee wa boti, hii riviu nimeulizwa na watu kama watano pale Dunga, Kisumu, kwa hivyo naiandika mara moja niache kurudia. Niko na injini ya boti ya Yamaha 15, ile Enduro ya tu-stroki (ya kuchanganya oili na petroli), silinda mbili, asubuhi nabeba wageni wa kuangalia viboko na jioni wavuvi wanaikodi. Mwezi wa tatu upepo ulisukuma gugumaji likajaa kwetu hadi maji hayaonekani, mimi nikajifanya mjanja nikapita katikati, majani yakaziba pale injini inanyonyea maji na kabla nishtuke kwamba imeacha kukojoa yale maji ya kuipoza, hedi, kile kifuniko cha silinda, ilikuwa imeshapata moto. Gaskiti, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, ikaenda.

Lakini gaskiti ni kitu ya kununua tu. Balaa lilianza vile nilimpa kijana mmoja wa huku bichi abadilishe. Gaskiti ya zamani ilikuwa imeshikamana na alumini kama ukoko wa ugali, yeye akachukua bisibisi bapa na nyundo akaanza kuchokoa, na mimi nimekaa hapo hapo nakunywa chai nasikia krrr krrr na sisemi kitu, hiyo lawama ni yangu. Akapaka silikoni nyekundu nzito, akakaza bolti kwa nguvu ya mkono, akaniambia "mzee, hii imeisha". Kesho yake kuwasha ni vita, nikatoa plagi ya chini nikakuta matone ya maji. Nikanunua gaskiti nyingine, ikafika siku tatu, maji tena. Shilingi 1,800 mara mbili, na bado niko nchi kavu.

Ndio nikaelekezwa Kibuye, upande wa jua kali kwa wachomelea. Duka halina bango, ni banda la bati na benchi moja iliyoliwa na vise, na jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mwenyewe haongei sana. Nilimpa hedi, hata hakuvaa miwani, akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kutoka tundu la maji kwenda upande wa silinda. Akanishika mkono akaniambia nipitishe wangu. Ukucha unashika, unasikia kabisa kama mtu amekata ukingo.

Nilikuwa nimehesabu mikwaruzo kama kumi na nimechanganyikiwa, yeye akasema mingi hapo hata asingeigusa. Alivyonielezea ni hivi, mkwaruzo unaozunguka sambamba na mdomo wa silinda hausumbui sana kwa sababu bado kuna uso mzima mbele yake na nyuma yake wa gaskiti kukandamiza, lakini ule unaokata kutoka kwa maji hadi kwa silinda ni mfereji, gaskiti ikilala juu yake maji yanapita chini kwa chini. Miwili yangu ilikuwa ya hivyo. "Umewachimbia maji barabara, nyathina," yaani mwanangu, akasema, na mimi niko na miaka 46.

Halafu akaniuliza, na upande wa pili, ile bloku inayokutana na hedi, uko wapi? Mimi nimebeba hedi peke yake kwa mfuko wa sukari. Bisibisi haikwaruzi upande mmoja tu bwana. Ikabidi nirudi Dunga nitoe injini nzima niipakie tuktuk, hiyo ilinikula nusu siku, kwa hivyo wewe ukienda beba yote mara moja.

Kazi yenyewe sasa. Nilitegemea mashini, nikakuta kioo. Kipande cha kioo kinene cha meza, amekilaza kwa benchi, juu yake msasa wa maji namba 320 umelowa vizuri. Kwanza alipaka uso wote wa hedi kwa maka peni ya bluu, akaigeuza ikalalia msasa, akaanza kuizungusha kama anaandika nane, mkono umelegea, na kila baada ya muda anaigeuza robo ili uzito wa mkono usielemee upande mmoja. Akiiinua unaona bluu imetoka katikati lakini pembeni kwa bolti za juu bado iko, maana yake hapo kumeshuka, hedi ilipinda kwa ule moto wa gugumaji. Akaweka rula ya chuma akachomeka fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.1 mm ikaingia bila kusukumwa. Kwa hivyo hata bila mikwaruzo ya yule kijana gaskiti ingenisumbua tu, ilibidi nimsamehe nusu.

Saa moja na nusu anazungusha. Kuna jirani yake alikuja na grainda yenye ile disiki laini ya kung'arisha akasema nipe dakika mbili, jaduong' akamfukuza, eti hiyo inang'arisha huku inachimba mabonde ambayo jicho halioni. Mwisho bluu ilibaki kwa mistari miwili tu myembamba, ile ile mibaya, akaendelea hadi mmoja ukaisha na mwingine ukawa ukucha haushiki tena, akamalizia na namba 400.

Mimi nilikuwa nimebeba araldaiti ya chuma kwa mfuko, nikauliza si tujaze tu hapo tuende nyumbani. Akasema araldaiti ni ya kifuniko cha maji kule kwa themostati, karibu na silinda inaungua na kutoka vipande. Mkwaruzo ukiwa mrefu kwenda chini unajazwa kwa kuchomelewa alumini na gesi ya agoni halafu inaskimiwa, yaani uso unakwanguliwa hadi unyooke, hakuna njia ya mkato. Na kuskim pia usishabikie, ukila sana chemba inakuwa ndogo, kompresheni inapanda, injini inaanza kugonga.

Kwa bloku hauwezi kutumia kioo, alifunga msasa kwa kipande cha chuma kilichonyooka akasugua mkono kwa mkono. Kabla ya hapo alijaza silinda na matambara yaliyopakwa grisi na akaziba kila tundu la maji, sababu vumbi la msasa likiingia ndani linakula ringi na beringi. Hiyo peke yake ndio ilinifanya nimwamini. Yule wa bichi alipuliza na mdomo.

Kurudisha ni gaskiti mpya kavu, silikoni hakuna, bolti kuanzia za katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza nusu nguvu, wa pili na tok renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza. Nilimuonyesha ile chupa yangu ya silikoni nyekundu akaiweka kando bila kusema kitu. Sijairudia.

Wiki ya tano sasa. Nimeenda hadi kisiwa cha Ndere na kurudi na mzigo, inakojoa vizuri, plagi zote mbili kavu rangi ya kahawa, kuwasha ni mvuto wa pili. Kazi ilikuwa shilingi 3,500, hedi mpya mjini nilikuwa nimeambiwa bei ya mara nne ya hiyo na tena ni ya kuagiza.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya siku. Aliniambia Jumanne, nikapata injini Ijumaa, katikati hapo simu imezimwa, nikienda nakuta banda limefungwa na mama wa chai anasema ametoka sasa hivi. Siku tatu bila boti ni pesa na wavuvi wangu walihamia kwa mtu mwingine, mmoja hajarudi hadi leo. Risiti pia hakuna, ameandika hesabu nyuma ya pakiti ya msasa.

Ukienda enda asubuhi na gaskiti yako mkononi kwa sababu yeye hauzi. Jumamosi usipoteze nauli, ni Msabato.