Vioo vya ITO: Vioke, Usiviunguze!

Asalaam aleikum, karibuni. Ile simu mnayonipigia kelele niikague bado imekwama bandarini, kwa hivyo leo nna vioo vinavyopitisha umeme. Vipimo sivisomi, viko chini ya video. ITO mnaijua: oksidi ya indiamu iliyotiwa bati, ndiyo iliyomo kwenye kioo cha simu nyingi.

Kitazameni juu ya karatasi nyeupe. Mmeiona rangi? Kahawia, kama chai ya rangi! Na muuzaji kaandika "angavu kabisa". Na si uchafu, nimeshakifuta. Utando huu wa ITO juu ya kioo umepakwa bila ya moto: atomu hazijajipanga na oksijeni imepungua, basi mwanga unanaswa njiani.

Kipande hichi nakiacha, hichi nakitia kwenye tanuri, nyuzi 250. Tunaruka mbele... haya! Viwekeni pamoja. Cheupe pee! Wallahi hapa ndipo ninapokipenda. Fuwele zimejijenga, oksijeni imeingia kiasi. Multimita nayo, kile kipima umeme, angalieni, omu zimeshuka, yaani ukinzani umepungua. Kinapitisha mwanga na kinapitisha umeme.

Sasa tamaa. Nakirudisha, nyuzi 450, kwenye hewa hii hii. Kimetoka vile vile, cheupe. Multimita... jamani, omu zimepanda! Jicho halioni tofauti, umeme unaiona. Zile nafasi zilizobaki bila ya oksijeni nazo zilikuwa zikitoa elektroni huru. Ukizijaza nazo, wa kuubeba umeme wanapungua. Maabara kubwa huoka ndani ya vakyumu au naitrojeni. Mimi hapa Mwanakwerekwe naitoa wapi? Na bei ya ITO yenyewe! Indiamu ni adimu, inalipiwa.

Sasa nyie wa Chuo Kikuu cha SUZA mnaoniuliza habari za seli za jua zinazonasa mwanga kwa rangi: titania yenu, ile oksidi ya titani, inataka nyuzi 450 mpaka 500, basi chukueni FTO, ile oksidi ya bati yenye florini. Ina ukungu kidogo, kwa macho siipendi, lakini moto huo inauhimili na haina indiamu. Nilitaka kusema ITO msinunue kabisa. Hapana, kwa skrini za kugusa bado naipa ITO.

Aliyeniandikia kutoka Wete kuhusu oksidi ya zinki yenye alumini, utando mwengine unaopitisha umeme, video yako inakuja, jiunge usiikose. Na kioo kikishaiva msikitoe kikaenda juu ya vigae vya baridi, kitapasuka. Zimeni tanuri, kipoe humo humo.