Mwaka wangu kwenye feloshipu ya udaktari wa jamii, Newala: maoni kwa mnaotaka kuomba

Naandika kwa madaktari wenzangu, hasa nyie mliomaliza intani au mmeshapiga kazi miaka miwili mitatu na mnajiuliza feloshipu ya udaktari wa jamii ina faida gani. Mi nimeimaliza, mafunzo ya miezi 12 ya kuwafuata watu huko wanakoishi, nilipangiwa zahanati moja huku juu kwenye uwanda wa Makonde upande wa Newala, mkoani Mtwara, alafu kila mwezi tunashuka Mtwara mjini siku mbili za darasa. Jina la mradi na la kijiji naviacha maana kuna malalamiko humu ndani na sitaki kumchafua mtu, ila mnaofanya kazi kusini mazingira mnayajua.

Kwanza tuelewane, huu sio ubingwa. Hutoki hapo unaitwa bingwa, hupati MMed (shahada ya uzamili ya udaktari), na mshahara haupandi hata shilingi. Kinachobadilika ni namna unavyoisoma rejista. Zamani nikimaliza kliniki nahesabu niliowaona, 40, siku nyingine 50, naenda kulala najua nimefanya kazi. Wiki ya pili tu ya feloshipu msimamizi wetu, mama mmoja daktari wa siku nyingi, alikuja zahanati, akachukua kitabu cha MTUHA (mfumo wa serikali wa takwimu za afya) cha wagonjwa wa nje akakiweka mbele yangu, akasema "Dokta, nionyeshe ambao hawajaja." Nikanyamaza. Akasema "Basi hao ndo wagonjwa wako mwaka huu." Na kweli mwaka mzima ulikuwa huo.

Masomo ni mazuri, nasema bila kupamba. Yanaanzia Pholela, kijijini kule Natal Afrika Kusini, ambako Sidney Kark na mkewe Emily walianzisha kituo cha afya mwaka 1940, wakawa hawasubiri mgonjwa alete homa, wanapita kaya kwa kaya kuandika nani anakula nini, nani kazaa, nani kafa na kwa nini. Miaka ya 50 akaenda pale kijana wa Kimarekani anasomea udaktari, Jack Geiger, akajifunza, akarudi kwao na mwaka 1967 yeye na wenzake wakafungua kituo Mound Bayou, Mississippi, kwa watu weusi maskini wa mashambani. Watoto wanakuja na utapiamlo, madaktari wakawa wanawaandikia chakula kwenye karatasi ya dawa, familia inaenda kuchukua dukani na bili inalipwa kwa fungu la dawa la kituo. Waliokuwa wanatoa hela wakahoji, Geiger akawajibu kwamba kwa anavyojua yeye tiba ya utapiamlo ni chakula. Wakachimba na visima na vyoo. Darasa zima tulibaki na ile habari, maana kila mmoja wetu ana mtoto anayemkumbuka, aliyempa dawa akamrudisha nyumbani kwenye njaa ileile.

Lakini darasa ni robo tu ya hii feloshipu, robo tatu ni Jumatano. Jumatano hukai kliniki, ni sheria, hata foleni iwe ndefu vipi klinikal ofisa na nesi wanabaki nayo, wewe unatoka na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mnapita nyumba kwa nyumba. Mwanzoni iliniuma, naona nawaacha watu kwenye benchi. Ilichukua kama miezi miwili kuelewa kwamba wa kwenye benchi angalau wamefika.

Mfano ambao sitausahau ni mabusha. Huku pwani ya kusini matende na mabusha ni ya miaka mingi, watu wanasema tu "ana mshipa" na wengine bado wanaamini unatokana na kunywa madafu. Kwenye rejista yetu mwaka mzima uliotangulia hakuna hata mmoja. Kingatiba, yaani dawa za kukinga matende wanazopewa watu wote, kipindi changu ilikuwa inagawiwa mara moja kwa mwaka, ivermectin na albendazole, na kwenye karatasi karibu kila mtu kameza. Sasa Jumatano moja tumefika kwa mzee mmoja, mhudumu wangu ni mama, akaelewa akasogea kusalimia jikoni, nikabaki na mzee. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Tukaongea korosho, tukaongea mvua, muda umeenda ndo akaniambia, mwanangu mi hizo dawa nimemeza kila mwaka na mshipa uko palepale, sasa wanangu nimewaambia wasihangaike.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikaona tatizo lote. Hakuna aliyewahi kumwambia huyu mzee kwamba vidonge vinaua vijidudu wadogo walioko kwenye damu ili mbu wasiwapeleke kwa mwingine, lakini maji yaliyokwisha kujaa hayatoki kwa kidonge, hayo ni ya upasuaji. Kwa hiyo kila mwaka ameona dawa haifanyi kazi, na vijana wake wakawa wanapokea vidonge mkononi na kuvitupa nyuma ya nyumba. Hatukuleta dawa mpya wala mashine. Tulibadilisha maneno, tukayapeleka kwenye bao na msikitini baada ya swala ya Ijumaa kwa ruhusa ya shehe, tukasema wazi kidonge ni cha nini na kisu ni cha nini. Mpaka naondoka wazee 9 walikuwa wamejiandikisha kwa upasuaji na yule babu alikuwa wa kwanza, alishuka Mtwara na mwanae kwenye basi la alfajiri.

Kuna na ya salfa. Kuanzia mwezi wa 5 watu wanapulizia mikorosho unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kliniki inajaa macho mekundu na kikohozi, sisi tunaandika kikohozi tunatoa dawa tunaita mwingine. Jumatano tunakuta mfuko wa salfa umefunguliwa upo chumbani, pembeni ya kitanda wanacholala watoto, kwa sababu ukiachwa nje unaibiwa na salfa ni hela. Mama hana kosa hapo. Tukaongea na mwenyekiti wa kitongoji na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wakatenga stoo moja. Haikumaliza tatizo ila watoto wa nyumba zile tulianza kuwaona mara chache.

Na bima. Kadi ya CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii) kipindi changu ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu mpaka 6, na uhamasishaji ulikuwa unakuja mwezi wa 3 wakati watu hawana hata ya chumvi. Hela huku inaingia na minada ya korosho, mwezi wa 10, 11, 12. Kitu kidogo hivyo, lakini ukikaa ofisini hukijui.

Sasa yaliyonikera. Posho ilichelewa miezi mitatu mfululizo na hakuna aliyekuwa anapokea simu, nilikopa kwa nesi wangu, mtu ambaye mshahara wake mdogo kuliko wangu, na hilo bado linaniuma. Wahusika mkisoma hapa mjirekebishe, huwezi kumfundisha mtu kuhudumia maskini huku unamfanya awe mzigo kwao. Ripoti ni nyingi mno na nyingine ziko kwa kiingereza kigumu zinauliza maswali ambayo mwanakijiji hawezi kuulizwa hivyo, tulikuwa tunayageuza wenyewe kila mtu kivyake, sasa sijui hizo data mtalinganisha vipi. Maji pia mjiandae. Uwanda ule maji yako chini sana, kiangazi ndoo inanunuliwa, na nilikuwa nikimwambia mama nawa mikono mara kwa mara nikiwa najua kabisa hiyo ndoo kaifuata wapi, mpaka nikaacha kusema hivyo na kuanza kuwasaidia watengeneze kibuyu chirizi, kile chombo cha kunawia kinachotoa maji kidogo kidogo.

Kubwa kuliko yote, miezi 12 haitoshi. Miezi minne ya kwanza watu wanakupima, hasa ukiwa umetoka bara na Kimakonde huna, wanakujibu vizuri kwa adabu na hawakwambii kitu. Mwezi wa 5 ndo wanaanza kukufungulia, alafu mwezi wa 12 unafunga begi. Aliyekuja baada yangu alifika wiki tatu nikiwa nimeshaondoka, hatukukabidhiana ana kwa ana, nilimwachia daftari kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati. Bibi mmoja wakati naaga aliniuliza, "Na wewe unaenda, huyo ajaye nimwambie upya yote?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Iwe miaka miwili, au mkabidhiane mwezi mzima mkitembea wote nyumba kwa nyumba, hapo ningetoa nyota 5. Kwa sasa natoa 4, na hiyo moja iliyopungua ni ya yule bibi.

Niombe au nisiombe? Omba. Kama unapenda theatre na wodi utateseka, bora uende kwenye ubingwa moja kwa moja. Lakini kama umewahi kumtibu mtu yuleyule ugonjwa uleule mara nne kwa mwaka ukajiuliza kwake kuna nini, omba, na omba kituo cha kijijini kabisa, usikubali kupangiwa mjini. Ukipewa huku juu jitahidi ufike kabla ya mwezi wa 9, maana msimu wa korosho ukianza watu wanahamia mashambani na nyumba utazikuta zimefungwa. Beba sweta, usiku kuna upepo. Na siku ya kwanza kabla hujaenda kwa mwenyekiti muulize mhudumu wa jamii ni nyumba gani hajawahi kuingia, ile orodha aliyonipa mi ilikuwa na nyumba 14 na ya babu wa mshipa ilikuwa ya tatu.