Pampu ya presha kwa bafu la maji moto: ipi inafaa nyumba yako Mwanza

Dukani utaulizwa unataka pampu ya hosipawa ngapi. Swali la kuanzia lingekuwa jingine: maji yako yanapashwa na nini? Pampu inayoifaa hita ya umeme yenye tangi inaweza kupasua tangi la sola.

Kabla ya kutoa hela, pima kimo. Kila mita 10 za kimo huyapa maji presha ya bar 1. Simtanki likiwa juu ya mnara wa mita 3 na kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2, umebakiwa na mita 1, yaani bar 0.1. Ndiyo maana maji yanadondoka tu. Kwa hiyo wewe wa Isamilo au Bugando mwenye mwamba nyuma ya nyumba, kulipandisha simtanki juu ya mwamba huo nakuwekea nafasi ya kwanza, mbele ya pampu yoyote. Umeme ukikatika utaoga vilevile.

Nafasi ya pili ni pampu ndogo ya wati 90 hadi 120 yenye swichi inayohisi maji yakitembea. Nyingi husukuma kati ya mita 9 na 15, kiasi kinachotosha bafu moja bila wasiwasi. Ukiitumia saa nzima kwa siku, wati 120 hula uniti 0.12 tu za luku. Ifungwe kwenye maji baridi yanayotoka simtanki, kabla njia haijagawanyika kwenda kwenye hita na bafuni. Hapo moto na baridi vinapata msukumo mmoja. Fundi akitaka kuifunga upande wa moto peke yake, mkatalie: maji moto yatayazidi nguvu yale baridi, na mtoto anaweza kuungua. Tena pampu nyingi za aina hii zimeandikwa mwisho nyuzi 60, na hita hupita hapo kirahisi.

Ina udhaifu mmoja: lazima maji yaanze kutembea yenyewe ndipo iwake. Simtanki likiwa usawa mmoja na bafu, au chini yake, itakaa kimya. Hapo nunua iliyo nafasi ya tatu, pampu ya nusu hosipawa yenye swichi ya presha na tangi dogo la presha. Hiyo inafaa nyumba ya ghorofa au yenye bafu mbili, tatu. Ina kelele, na bila lile tangi dogo, koki moja inayovuja itaiwasha na kuizima usiku kucha.

Pampu za inveta, yaani zinazobadili zenyewe kasi ya mota kulingana na maji yanayotumika, ni tulivu na presha yake haiyumbi, lakini naziweka mwisho. Ni ghali, na umeme unaopanda na kushuka huua bodi yake ya elektroniki mapema. Ukiitaka, nunua na stabilaiza.

Sasa sola. Tangi la mirija ya vioo lisilo la presha lisisukumiwe maji kwa pampu kabisa. Liache lijazwe na simtanki kwa mteremko, na pampu ifungwe kwenye bomba linalotoka, iwe ya aina inayovumilia maji ya nyuzi 90 au zaidi. Ukishafanya hivyo, maji baridi ya bafuni nayo yanahitaji msukumo unaolingana.

Mwenye bomba la mvua la umeme la kilowati 5.5 asitarajie makubwa. Lita 3 kwa dakika hupanda nyuzi kama 26. Zikiwa lita 6, nyuzi 13 tu. Pampu haiongezi joto, kwa hiyo ukisukuma sana utaoga maji ya vuguvugu.

Maeneo yenye mgao wa maji, usiondoke dukani bila swichi ya floti ya kuizima pampu simtanki likikauka, maana pampu inayozunguka kavu huungua. Usiiunganishe moja kwa moja na bomba la mtaani. Utawanyonya majirani pamoja na tope. Wanaovuta maji ziwani waweke chujio kabla ya pampu, mchanga hula sili, kizibo kinachozuia pampu kuvuja. Ongeza valvu ya kuzuia maji kurudi na njia ya pembeni yenye koki, ili maji yapite pampu ikiharibika. Waya wa ethi na breka inayokata umeme ukivuja avifunge fundi umeme, si fundi bomba.