Kamera ya bruda kwa Raspberry Pi Zero 2 W: uzoefu wangu

Nafuga kuku nyuma ya nyumba, na bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iko upande wa pili wa uwanja. Anayefuga anajua shughuli ya wiki ya kwanza: vifaranga wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na kipimajoto hakisemi yote. Wakipata baridi wanarundikana chini ya taa mpaka wa chini wanakosa hewa. Joto likizidi wanakimbilia pembeni, midomo wazi, mabawa wameyaachia. Ukiwatupia jicho mara moja umeshajua la kufanya. Shida ni kuamka saa nane za usiku kwenda kulitupa hilo jicho.

Kamera za waifai zimejaa madukani na bei zake si mbaya. Ila nyingi zinataka intaneti: picha inasafiri hadi seva ya mbali ndipo irudi kwenye simu iliyo hatua chache tu kutoka bandani, na bando linateketea. Kwangu hilo halikuniingia akilini, ndiyo maana nikaenda kwenye Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ya bodi moja iliyotoka mwaka 2021. Ina urefu wa milimita 65 na upana wa 30, memori ya megabaiti 512, na bei yake ya kutangazwa ni dola 15. Nikaipa Camera Module 3, ya megapikseli 12, dola 25. Huku kwetu jiandae kuongeza, maana muuzaji naye anakula hapo hapo.

Jambo la kuangalia kabla hujatoa hela ni waya wa kamera. Ule wa kwenye boksi ni mpana, wa bodi kubwa. Tundu la Zero ni jembamba, la pini 22. Waya wake unanunuliwa peke yake, na muuzaji wangu hakunitajia.

Usichukue Pi 5, bodi kubwa ya familia hiyo hiyo, kwa kudhani kubwa ndiyo bora. Pi 5 haina kifaa cha ndani cha kubana video kwa mtindo wa H.264, Zero 2 W inacho, na kwa kazi hii hicho ndicho kinachobeba mzigo. Kwenye memori kadi weka mfumo wa Raspberry Pi OS Lite, usio na madirisha, kwa sababu megabaiti 512 hazitoshi kuchezea.

Programu niliyoweka ya kurusha video ni MediaMTX, ya bure, inayoitambua kamera ya Pi moja kwa moja. Kisha bodi yenyewe nikaigeuza kuwa hotspoti kwa amri ya nmcli. Simu inajiunga, unafungua kivinjari, unaandika anwani ya bodi, 10.42.0.1:8889, kisha mkwaju (/) na jina uliloipa kamera, vifaranga hao hapo kwenye kioo. Bando halihusiki. Picha inachelewa kwa muda usiofika sekunde, na kwa kuku hiyo inatosha na chenji inabaki. Simu za Android zitalalamika kwamba waifai hii haina intaneti na kutaka kurudi kwenye data, iambie ibaki.

Kilichonipa kazi ni lenzi. Inajilenga yenyewe, na kila kifaranga akipita mbele inaanza kutafuta upya, picha inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, mpaka macho yanauma. Dawa ni kuifunga kwa mkono. Namba ya lenzi ni 1 kugawanya kwa umbali wa mita, kwa hiyo kamera niliyoining'iniza nusu mita juu ya maranda niliipa 2. Toka hapo imetulia. Fremu 15 kwa sekunde zinatosha pia. Kuku hachezi mpira.

Mwanga wa taa ya bruda unatosha kwa kamera ya kawaida, ukiielekeza ili taa isiingie kwenye picha. Wanaotumia jiko la mkaa wachukue ile ya NoIR, isiyo na kichujio cha infraredi, pamoja na taa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa kuwa NoIR bila taa hiyo ni giza tupu.

Umeme natumia pawabanki ya 10,000 mAh. Kwa matumizi ya karibu wati 2 inavuka usiku bila wasiwasi. Jaribu pawabanki yako kwanza lakini: zipo zinazokata umeme kwa sekunde moja ukizichomeka kwenye chaji, na bodi inazima na kuwaka upya. Kuzimika hovyo kunaua memori kadi, kwa hiyo ndani ya raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, niliwasha overlay, kadi ikawa ya kusomwa tu. Bodi nimeiweka kwenye kopo la siagi lenye matundu, nje ya eneo la joto, kwa sababu ikifika nyuzi 80 inapunguza kasi yenyewe, na vumbi la maranda linaingia kila mahali.

(Hii si akili mpya. Mwaka 1991 watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliweka kamera kulitazama birika la kahawa, wasipande ngazi bure na kulikuta tupu. Na Raspberry Pi yenyewe imezaliwa mji huo huo.)

Udhaifu wake ni masafa. Antena ni ndogo mno, na banda la mabati linaimeza waifai. Kwangu upande wa nyumba ni wavu, picha inafika kitandani. Mabati yangekuwa pande zote, ningeitoa bodi nje na kupitisha waya wa kamera kwenye tundu. Na kama tayari una ruta ndani na unalipia intaneti ya mwezi, nunua kamera ya dukani ulale.