Fanicha za mtumba Manila: nilivyojaza nyumba nzima kutoka maduka ya Evangelista

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtaniuliza. Meza ya kulia ya mbao ngumu na viti vyake vinne, peso 4,500. Kabati la droo la Kijapani, 3,800. Kimeza cha chini cha sebuleni 900, kochi la henzirani la watu watatu 5,500, shelfu ya vitabu 1,200 (hiyo shelfu tutaizungumzia, subirini), kioo kikubwa 650. Weka usafiri 1,900 na fundi wa kusuka henzirani 1,800, jumla 20,250. Peso moja ukiichukulia kama shilingi 45 za Tanzania inakuja laki tisa na kidogo. Nyumba nzima. Mke wangu alikua ameshapenda kochi moja kwenye mall lenyewe peke yake lilikua linakula hiyo hela yote na chenji hairudi.

Kwa wasionijua, mi mtu wa Tanga, mke wangu Mfilipino tulikutana Doha kazini, tumehamia kwao Marikina, humu humu jiji kubwa la Manila, kwaiyo tulifika na masanduku manne na rice cooker. Tumepanga juu, vyumba viwili, sebule ndogo kiasi kwamba ukinyoosha miguu unafungua friji. Na mama mkwe anakaa mtaa wa pili. Kwetu mtu na mama mkwe wake mnapishana njia kwa heshima, huku nimezunguka nae sokoni jua kali tunagombana na wauzaji pamoja, Nanay (yaani mama, ndo tunavyomuita) kashika mwamvuli mi nimeshika tochi. Maisha haya.

Sasa hayo maduka. Yako mtaa wa Evangelista, eneo la Bangkal, jiji la Makati. Kutokea Marikina nachukua treni ya LRT-2 mpaka Cubao, nabadilisha treni ya MRT-3 mpaka Magallanes, alafu natembea. Mtaa wenyewe ukiuona unaweza kugeuza, maana ni spea za magari, mafundi, nyaya zimening'inia juu kama mikeka iliyofumuliwa, ila katikati yake ndo kuna maduka ya mitumba, mengine ya vitu vya kale vya Kifilipino na mengine ndo yale wenyewe wanayaita Japan surplus. Siku hizi hayo Japan surplus yapo karibu kila mji Ufilipino, sio Makati tu, yamejaa mpaka mikoani. Kule Japani kutupa kabati sio bure, takataka kubwa unailipia ndo ichukuliwe, na wazee wanakufa wanaacha nyumba zimejaa vitu, watoto wana apatimenti ndogo hawana pa kuviweka. Kampuni za kusafisha nyumba zinakusanya, zinajaza kontena, meli inakuja Manila. Sisi watu wa magari ya Japani hiyo hadithi hatuhitaji kufundishwa. Tofauti ni kwamba gari linakuja na karatasi ya mnada inakwambia limegongwa wapi, kabati halina karatasi, inabidi uinamishe kichwa mwenyewe uangalie chini.

Na Nanay anainama kweli, miaka 67. Anafungua kila droo, anaigeuza juu chini, anapitisha kidole kwenye pembe alafu anaangalia kidole. Anatafuta unga. Wanamuita bukbok, yule mdudu anayebungua mbao ndani kwa ndani, kwa nje unaona vitundu vidogo kama vya pini na chini yake unga laini kama wa sembe. Mchwa nao wanaitwa anay, hao wanaacha njia za udongo. Kanuni yake ni kwamba tundu bila unga linajadilika, tundu lenye unga ondoka, usisikilize hata bei. Mi niliona ushirikina wa wazee.

Ndo tunafika kwenye shelfu. Siku hiyo Nanay hakuwepo, nikaingia duka moja pale, jina nalihifadhi, nikaona shelfu nzuri imepakwa vanishi mpya inang'aa, 1,200 baada ya kupunguziwa, nikajiona mjanja. Wiki ya tatu asubuhi nakuta mstari wa unga mweupe juu ya vitabu, nikafuta, kesho yake tena, usiku ukitega sikio unasikia kri kri kri kama mtu anatafuna bisi. Hiyo vanishi mpya ilikua ya kuziba vitundu. Nilivyorudi dukani yule kaka akaniambia kwa upole kabisa kwamba vitu vya mtumba havirudishwi, akanionesha na kibao ukutani, na kweli kibao kipo, sikukisoma. Tumeichoma nyuma ya nyumba ya Nanay. Hakusema kitu, alileta tu kiberiti. Kwaiyo mkikuta fanicha ya zamani ina rangi mpya, jiulizeni inaficha nini, bora ile chakavu inayojionesha.

Kitu kingine, vifaa vya umeme vya Kijapani msiguse. Yaani feni, rice cooker, vimejaa vizuri mpaka unadondosha mate, bei ya kutupa, lakini Japani umeme wao ni volti 100 na Ufilipino ni 220, ukichomeka moja kwa moja unasikia mlipuko mdogo na harufu na stori imeisha. Kuna wanaokuuzia na transfoma, ila transfoma yenyewe nzito inakula nafasi na ukijumlisha hela bora ununue feni mpya ya hapahapa. Kile kimeza changu cha 900 pia kilikua cha umeme bana, zile meza za Kijapani zina hita kwa chini, baridi ikija familia inaingiza miguu na kujifunika blanketi. Hita Manila! Mwezi wa nne hapa joto linafika 35 na zaidi, mi nalala sakafuni natafuta ubaridi wa vigae. Muuzaji alishaing'oa hita, imebaki meza nzuri ya mbao, ya kukalia chini, na kwa mtu wa pwani kula umekaa chini sio mtihani. Mke wangu analalamika magoti.

Alafu kuna haya makabati meusi marefu, ukifungua milango ndani ni dhahabu tupu na vishelfu vidogo vidogo. Nikafikiri ni ya kuwekea vyombo vya wageni. Kumbe ni madhabahu ya nyumbani ya Kibuddha, Wajapani wanaweka kumbukumbu za mababu zao humo. Wafilipino wananunua wanaweka sanamu za Santo Niño (Yesu mtoto) na Bikira Maria ndani, inakaa kama vile ilitengenezwa kwa ajili yao. Mi Muislamu wa Tanga nimesimama katikati ya duka naangalia watakatifu wa Kikatoliki kwenye nyumba ya mababu wa Kijapani, nikabaki nacheka peke yangu. Nanay alilitamani moja, 7,000, mke wangu akasema hapana, ya mtu aliyekufa hiyo, wakabishana Kitagalogi mpaka muuzaji akaenda kula.

Kwenye upande wa vitu vya Kifilipino vyenyewe ndo moyo wangu ulipobaki. Ile meza ya kulia. Ilikua imerundikiwa viti vya plastiki juu, vumbi, mguu mmoja umefungwa kamba. Nikalowesha kidole nikasugua pembeni, ikatoka rangi nyekundu ya kahawia na mistari yake, nikasema hii mninga. Nanay akasema narra. Nikabisha. Usiku nikaja kusoma kumbe wote tuko sawa kiasi, narra na mninga wa kwetu ni ukoo mmoja, Pterocarpus, mti ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, wote wawili. Narra ndo mti wa taifa wa Ufilipino na kuukata msituni sasa hivi bila kibali ni kesi, kwaiyo narra ya halali kwa mtu wa kipato changu ni hiyo hiyo ya mitumba, iliyokatwa enzi za babu. Muuzaji alianza na 7,000. Tulikua wateja wake wa kwanza asubuhi ile, na huku wana imani ya buena mano, mteja wa kwanza akiondoka bila kununua siku inakua mbaya, sawa na kwetu muuzaji anavyokuomba umfungulie biashara. Nanay akatumia hiyo bila huruma, akaanza kuondoka taratibu mwamvuli mkononi, hatua ya nne tukaitwa. 4,500 na kamba ya mguu wakatupa bure. Mguu nimeugundisha mwenyewe na kupiga msasa wikendi mbili, vanishi mkono mmoja tu.

Kwanini nang'ang'ania mbao nzito na sio zile za kuunga mwenyewe? IKEA ipo, ilifunguliwa Pasay mwaka 2021, tumeenda, tumekula, tumenunua vikombe na mapazia na sina neno baya. Lakini Marikina ni mji wa mto. Nanay alipitia kimbunga Ondoy Septemba 2009 na kimbunga Ulysses 2020, maji yaliingia ndani mara zote mbili, na anakwambia kabati la chipbodi likishanywa maji linavimba kama mkate kwenye chai, huliokoi. Ila seti yake ya sebule, ile ya kuchongwa ya Betis kule Pampanga aliyopewa kwenye harusi, ilikaa kwenye matope, wakaiosha na mpira wa maji, wakaianika kivulini wiki nzima, ipo mpaka leo, nimeikalia jana. Inaumiza makalio kishenzi lakini ipo.

Kochi la henzirani nalo nimelipata pale pale mtaani, ufumaji wake wanauita solihiya, zile tundu za pembe nane kama viti vya majumba ya zamani ya Unguja. Kiti cha kati kilikua kimetoboka ndo maana bei ikashuka. Msiogope kitu kilichotoboka kama fremu imesimama, fundi anakuja nyumbani na koili ya henzirani, analowesha, anasuka siku mbili umekaa unamuangalia. Ila muulizeni fundi kwanza kabla ya kununua, mi nilibahatisha.

Usafiri nilitumia gari la mizigo la L300 la kukodi, dereva na kijana wake. Maduka mengi yanakwambia yanaleta ila bei yao unaijua ukishalipa, kwaiyo ulizeni mapema. Na pimeni ngazi zenu jamani, kabati la droo lilipita kwenye ngazi zetu kwa kuvuliwa droo zote sita na kwa maombi.

Nyota? Mtaa kwa ujumla nawapa 4 kati ya 5. Nyota moja nimeikata kwa ile shelfu na kwa sababu vitu havina bei zilizobandikwa, mimi na sura yangu nikiuliza peke yangu kiti ni 1,500, Nanay akiuliza baada ya dakika kumi kiti kilekile ni 800, na hakuna anayeona aibu, si muuzaji wala Nanay. Nendeni na mwenyeji anayeongea Kitagalogi, siku za wiki asubuhi, viatu vya kufunika vidole, tochi, futi kamba, hela taslimu ndogo ndogo. Jumapili kunajaa na bei inapanda nayo.

Nyumba ilivyokamilika Nanay akaja na mfuko wa gazeti mrefu. Ndani kijiko na uma vya mbao, kila kimoja urefu wa mkono wangu, vya kutundika juu ya meza ya kulia. Nyumba nyingi za Kifilipino nilizoingia mimi vipo, nilishamtania mke wangu kwamba vyetu havitakuwepo. Alivitoa ukutani kwake, alama zake mbili nyeupe bado zinaonekana pale kwenye rangi. Nimepiga msumari wa inchi tatu, uma umekaa, kijiko kinainamia kushoto kidogo na kila akija anakinyoosha kabla hajakaa.