Mnanaha au brugmansia: ni upi wa kupanda?

Mimea yote miwili hufungua maua jioni, na yote ni sumu toka mzizi hadi mbegu: ina kemikali za sumu ziitwazo atropini na skopolamini. Kuitofautisha, tazama ua. La mnanaha huelekea juu; la brugmansia huning'inia kama tarumbeta iliyotundikwa. Tunda la mnanaha huwa na miiba, likikauka hupasuka na kumwaga mbegu, kisha mvua zikinyesha unaukuta hata katikati ya mchicha. Hapo ndipo hatari ilipo.

Brugmansia, yenye asili ya Amerika Kusini, ni kichaka cha shina gumu. Chomeka kipande cha tawi, maji ya kutosha, basi. Mimi ningepanda hiyo, mbali na watoto na mbuzi. Ukipogoa vaa glavu: utomvu ukiingia jichoni, mboni hutanuka.